Minara ya kale na matetemeko: umri si cheti

Kila picha ya Mnara wa Pisa inapozunguka mtandaoni, hakukosekani mtu wa kuandika chini yake kwamba watu wa kale walijua kujenga kuliko mainjinia wa leo. "Miaka mia nane na bado umesimama!" Mimi kazi yangu ni kuunda programu za tarakilishi, si kujenga nyumba, lakini hoja hiyo naifahamu sana kwa sababu hata katika fani yetu tunayo: "Mfumo huu umefanya kazi miaka kumi bila shida, usiuguse." Nionavyo mimi, hoja hii ni mbovu kwenye tarakilishi, na kwenye minara ni mbovu zaidi kwa sababu huko inaweza kuua watu. Hebu tuichambue.

Tuanze na huyo Pisa mwenyewe. Ujenzi ulianza mwaka 1173 kule Italia, juu ya udongo laini wa mfinyanzi, na msingi wenye kina cha mita 3 hivi tu. Mnara ukaanza kuinama kabla haujafika hata nusu. Kilichouokoa mara ya kwanza si ufundi bali vita: kazi ilisimama karibu karne nzima, na muda huo udongo ukajikaza chini ya uzito. Leo una urefu wa takriban mita 56 na uzito wa tani 14,500 hivi.

Sasa jambo la kushangaza. Tangu mwaka 1280 eneo lile limepigwa na matetemeko makubwa yasiyopungua manne. Mnara mzito, ulioinama, uliojengwa kwa mawe, ulipaswa kuanguka. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Roma Tre na Bristol walitoa jibu: udongo uleule laini uliouinamisha ndio uliouokoa.

Ili kuelewa, fikiria mtoto kwenye bembea. Bembea ina mwendo wake. Ukiisukuma kwa wakati wake, hata kwa kidole, itapanda juu zaidi kila mara. Ukiisukuma ovyo, nguvu zako zinapotea bure. Majengo nayo ni hivyohivyo. Kila jengo lina mwendo wake wa kuyumba: nyumba fupi huyumba harakaharaka, mnara mrefu huyumba polepole. Tetemeko likitikisa ardhi kwa mwendo uleule wa jengo, kila mtikisiko unaongezea uliotangulia mpaka kuta zinashindwa. Mnara wa Pisa ni mrefu na mgumu, lakini umekalia udongo laini, kwa hiyo mwendo wake ni wa polepole mno kuliko ambavyo ungekuwa juu ya mwamba. Matetemeko ya pale yaliutikisa kwa mwendo usiopatana na wake.

Kwa hivyo, je, wajenzi wa Pisa walikuwa na akili nyingi? La. Walikuwa na bahati. Hakuna aliyechagua udongo ule ili kuzuia tetemeko.

Kama unadhani udongo laini ni dawa, nenda Mexico City. Sehemu kubwa ya mji ule imejengwa juu ya ziwa la kale lililokauka. Mnamo Septemba 19, 1985, tetemeko la ukubwa wa 8.0 lilitokea pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 350 kutoka mjini. Udongo wa ziwa ukaanza kuyumba kama uji kwenye bakuli, takriban mara moja kila sekunde 2. Majengo ya ghorofa 6 hadi 15 hivi yalikuwa na mwendo unaokaribia huo, na ndiyo yaliyoumia zaidi. Maelfu ya watu wakafa. Mnara wa Torre Latinoamericana, wenye ghorofa 44, uliokamilika mwaka 1956, ulisimama palepale katikati ya mji. Huo haukuwa bahati. Ulisanifiwa kwa kupima udongo wa mahali pale, ukapewa fremu ya chuma na nguzo zilizozamishwa chini sana, na ulihimili tena tetemeko la mwaka 2017.

Udongo laini uliokoa mnara mmoja Italia na ukaangusha majengo mengi Mexico. Hapa hakuna siri ya wahenga ya kunakili. Kuna swali la kuuliza kila mahali upya: jengo hili na ardhi hii, miendo yao inapatana au inapishana?

Lakini sitaki kuwavunjia heshima wote wa kale. Kuna waliojua walichokifanya, na Japani ndiko pa kutazama. Pagoda ya ghorofa tano ya hekalu la Hōryū-ji ina urefu wa mita 32 hivi na ni miongoni mwa majengo ya mbao ya zamani zaidi duniani. Nguzo yake ya katikati ilichongwa kutoka mti uliokatwa mwaka 594. Nchi ile hutikisika kila uchao, na pagoda ipo.

Ukiichunguza utaona kwamba haikujengwa kama kitu kimoja kigumu. Kila ghorofa imekaa juu ya nyingine kama masanduku yaliyopangwa. Mbao zimeunganishwa kwa vichwa vilivyochongwa kuingia kwenye matundu, na viungo hivyo vinasugua na kuteleza kidogo jengo linapotikisika, hivyo nguvu za tetemeko zinaishia kwenye msuguano. Ghorofa moja ikienda kulia, inayofuata huweza kwenda kushoto, jengo lote likijipinda kama nyoka. Katikati inapita ile nguzo ndefu, ambayo haibebi sakafu. Kwenye pagoda ya Nikkō nguzo hiyo inaning'inia kwa minyororo, haigusi chini kabisa. Wataalamu bado wanabishana kuhusu kazi yake hasa, ila wazo lake liliingia kwenye Tokyo Skytree, mnara wa mita 634 uliofunguliwa mwaka 2012. Ndani yake kuna nguzo ya zege iliyotenganishwa na fremu ya chuma, na sehemu ya juu ya nguzo hiyo imeunganishwa na fremu kwa vifaa vya mafuta vinavyopunguza mtikisiko.

Waunda programu watatambua wazo hili mara moja. Mfumo ambao kila sehemu imekazwa kwenye nyingine huanguka wote sehemu moja ikikwama. Mfumo wenye nafasi kati ya sehemu huyumba, kisha unarudi.

Sasa turudi kwenye ile hoja ya umri. Huko Kathmandu, Nepal, kulikuwa na mnara mweupe wa matofali uitwao Dharahara, uliojengwa karne ya 19. Tetemeko la mwaka 1934 liliuangusha. Ukajengwa upya na watu wakaendelea kuupanda kutazama mji. Kwa miaka 80 ulisimama vizuri tu. Mnamo Aprili 25, 2015, siku ya Jumamosi, tetemeko la ukubwa wa 7.8 likaja na mnara ukaporomoka ukabaki kisiki, watu wengi wakiwa ndani. Siku ileile, katika mji jirani wa Bhaktapur, hekalu la Nyatapola lenye paa tano, lililojengwa mwaka 1702 kwa matofali na mbao, lilibaki limesimama na madhara machache, kama lilivyobaki mwaka 1934.

Yote mawili yalikuwa majengo ya kale. Kama ungeuliza Aprili 24, kila moja lingekuwa na "cheti" cha umri. Tatizo ni kwamba sisi huhesabu manusura tu. Minara iliyoanguka miaka 500 iliyopita hatuipigi picha, kwa hiyo tunadhani wa kale hawakukosea.

Tena wale wanaosema "usiuguse" wajue kwamba minara iliyodumu imeguswa sana. Hōryū-ji imefunguliwa ubao kwa ubao na kukarabatiwa, mara ya mwisho katikati ya karne ya 20. Pisa ilifungwa mwaka 1990 ikiwa imeinama nyuzi 5.5. Mainjinia wakachimba udongo kidogo kidogo upande wa kaskazini, mnara ukarudi hadi nyuzi 4 hivi, na wageni wakaruhusiwa tena Desemba 2001. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mnara ukianguka hakuna wa kujenga walio chini yake.

Kwa nini nayaandika haya kwa wasomaji wa huku? Kwa sababu Bonde la Ufa linapita katikati ya nchi yetu. Mnamo Januari 6, 1928, Subukia ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 6.9. Mwaka 2016 tetemeko la 5.9 tu lilipiga Bukoba, ng'ambo ya mpaka, likaua watu zaidi ya 15 na kubomoa nyumba nyingi. Tangu 1928 Kenya haijapata jingine kubwa kama lile la Subukia, na ghorofa tulizoziinua tangu wakati huo hazijawahi kujaribiwa. Mtu akikuambia jengo lake ni imara kwa sababu "limekaa miaka thelathini," amekueleza tu kwamba miaka thelathini hiyo ilikuwa mitulivu.

Kwa hivyo ukienda kupanga au kununua nyumba, acha kugonga ukuta kwa ngumi kusikiliza unene wake. Uliza udongo ulipimwa na nani. Uliza nguzo na mihimili zimefungwaje kwa vyuma mahali zinapokutana. Uliza ni lini mara ya mwisho mtu alikagua nyufa. Mwenye nyumba akikasirika kwa kuulizwa, hilo nalo ni jibu.

Au wewe waonaje, umri wa jengo unakutosha?