TAMKO LA TAWI KUHUSU SUKARI INAYOFICHWA



Sukari imeadimika, na sababu tunaijua: mvua za El Nino zimekwamisha uvunaji wa miwa. Januari 2024 Bodi ya Sukari ilitangaza bei kikomo za rejareja, na hakuna kanda iliyovuka shilingi 3,200 kwa kilo.

Mwenye duka Mtae ana haki ya faida. Kupandisha mzigo kutoka Lushoto ni gharama, na aliyelipa nauli lazima airudishe. Lakini kufungia mifuko stoo, kumwambia jirani "imeisha", kisha kusubiri bei ipande, huo ni ulanguzi. Faida hiyo inatoka kwenye uji wa watoto wetu.

Wazee wanakumbuka 1983, Sokoine alipowasaka walanguzi na watu wakatupa bidhaa vichakani usiku. Tusingoje kusakwa.

Tunaanza na sisi wenyewe. Mwanachama mwenye duka, fungua stoo kabla ya Ramadhani. Hatuwezi kumkemea mlanguzi mkutanoni huku tumekaa naye meza kuu.

Uongozi wa Tawi
Mtae, Februari 2024