Kitako cha Bunduki Kikivunjika



Baba mmoja wa kigango cha upande wa Ushetu ameniuliza swali ambalo, nadhani, linawahusu wengi mnaolinda mashamba karibu na mapori. Bunduki yake ya halali imepasuka kitako. Kuagiza kipya kutoka mbali ni ghali, na Januari karo za watoto zinamngoja. Afanye nini?

Kwanza, asiifunge kwa waya na misumari akaendelea kupiga. Msumari huongeza ufa. Na bunduki inapolia hupiga teke, na teke hilo lote hupokewa na mti. Kitako kibovu kikiachia, chuma hurudi usoni na mkononi mwa mpigaji. Nguruwe mmoja wa porini hana thamani ya jicho.

Pili, autazame ufa wenyewe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ikiwa ufa ni mpya, tena umefuata nyuzi za mti, fundi aweza kuutia gundi kali na kijiti cha mti mgumu ndani yake, na kazi ikadumu miaka mingi. Wazee walikuwa wakishonea magobore yao ngozi mbichi ya ng'ombe. Ikikauka hukaza kama chuma. Lakini bunduki ya risasi ina nguvu kupita gobore. Basi shingo yake, yaani pale mkono unaposhika nyuma ya kifyatulio, ikikatika kabisa, kiraka hakifai. Hapo yafaa kitako kipya.

Shauri la tatu ni la kupunguza gharama. Fundi wa bunduki aweza kuwa na kitako cha bunduki kuukuu, nacho huwa cha bei ndogo. Lakini kiwe cha aina ile ile: kitako cha Mauser hakiingii kwenye Lee-Enfield. Kisipopatikana, tutazame mti wa kwetu.

Wazungu hupenda mti uitwao walnuti, kwa kuwa ni imara, si mzito, na haupindi. Sisi tunao mninga, ule ule wa milango na vitanda vyetu. Ukikauka vema haujikunji wala kuvimba sana masika yanapoingia. Mpingo usikushawishi kwa uzuri wake: mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 1,200 hivi, na hata majini huzama, mninga ni kama nusu ya hapo. Wala usichukue msonobari. Ni laini, shingo yake haivumilii teke.

Nunua kipande kwa seremala au mfanyabiashara mwenye kibali, upewe risiti. Usikate mti msituni kwa siri. Angalia nyuzi za ubao: zifuate urefu wa shingo, zisiikate kwa mshazari, maana kitako huvunjikia hapo. Tena ubao uwe mkavu. Mafundi huhesabu karibu mwaka mmoja wa kukausha kivulini kwa kila inchi moja ya unene. Kuujua ni rahisi: upime kwenye mizani, uuweke juma mbili mahali pakavu, uupime tena. Ukipungua uzito, bado una maji.

Sasa chora umbo la kitako cha zamani juu ya karatasi, umpelekee seremala akate umbo la nje. Kazi hiyo haidai fundi wa bei kubwa. Kazi ya ndani, ya kulaza chuma ndani ya mti, mwachie fundi wa bunduki peke yake. Chuma kisipokaa sawasawa, teke huangukia mahali pamoja, na kitako kipya hupasuka kama cha kwanza.

Lakini bunduki yenyewe usiiache kwa seremala hata usiku mmoja. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kutengeneza silaha ni kazi ya mwenye leseni. Nenda polisi na leseni yako, uwaulize fundi anayeruhusiwa. Na ikiwa bunduki uliachiwa na marehemu baba, ujue leseni yake haikurithiwa pamoja nayo. Anzia polisi kabla ya kufikiria kitako.

Ukikipata kipya, kipake mafuta ya kitani kidogo kidogo, ukisugua kwa kitambaa. Mafuta ya chuma yasimiminwe ovyo: hushuka shingoni na kuulainisha mti. Ukiona weusi pale, ndiyo dalili.

Na kama fedha haitoshi kwa karo na kitako, bunduki ingoje ndani ya kufuli. Shamba hulindwa hata kwa moto, mbwa na kupiga madebe, kama majirani wakipeana zamu. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo hukosa masomo ambayo mwalimu hatayarudia kwa ajili yake.