USIMHUKUMU BINTI KWA DHANA, MPELEKE AKAPIMWE

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Ndugu yangu Muislamu, leo nazungumza na wewe baba, wewe mama, wewe mume, na hata wewe wifi na mama mkwe. Binti anakaa miezi mitatu au minne hajaziona siku zake. Zikija, zinakuja kwa wingi na hazikatiki. Uso umejaa chunusi, nywele zinaota kidevuni. Na sisi, kabla ya kumuuliza daktari, tunaanza kutoa hukumu. Mama anasema, "Ataolewa, zitakaa sawa." Jirani anasema ana jini mahaba. Mwingine ananong'ona kwamba alitoa mimba. Akiolewa na akakaa miaka miwili bila mtoto, tayari ameshapewa jina: tasa.

Allah Subhaanahu wa Taala katika Surat Al-Hujurat ametuamrisha tujiepushe na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi yake ni dhambi. Sasa jiulize: mtu ana udhuru gani wa kubaki na dhana pale ambapo kipimo kipo?

Dalili hizo mara nyingi ni za hali ambayo hospitali wanaiita PCOS. Homoni za mwanamke zinavurugika, homoni za kiume zinazidi kiwango chake, na yai halipevuki kila mwezi kama inavyotakiwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hali hii inawapata asilimia 10 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nayo hawajijui. Kwa hiyo usidhani ni jambo la nyumba ya jirani tu.

Utasema, "Shekhe, haya mambo yana aibu." Fatima bint Abi Hubaysh (radhiya Allahu anha) alikwenda kwa Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) na kumwambia wazi kwamba damu yake haikatiki, je aache swala? Mtume hakumkemea. Alimfahamisha kwamba ile si hedhi, ni damu ya mshipa, kisha akamfundisha namna ya kuswali. Kama swahaba aliuliza jambo hili kwa Mtume wa Allah, binti yako ashindwe kumwambia daktari?

Jingine linalowazuia wazazi wengi ni hofu ya kipimo chenyewe. Wanaogopa binti ambaye hajaolewa ataingizwa kifaa. Ondoa hofu hiyo. Daktari anaanza kwa maswali: siku zinakuja baada ya muda gani, zilianza ukiwa na umri gani, nywele na chunusi vimeanza lini. Kwa hiyo mwambie binti aandike tarehe zake. Kisha anachukuliwa damu, ipimwe homoni ya kiume, na vilevile homoni za tezi ya shingo na prolaktini, maana hizo nazo zikiharibika huvuruga hedhi. Ultrasaundi huja baadaye, na si kwa kila mtu. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unasema isitumike kuthibitisha PCOS kwa msichana ambaye haijapita miaka 8 tangu avunje ungo, kwa sababu kwa umri huo inaweza kupotosha. Na ikihitajika kwa binti ambaye hajaolewa, inapigwa juu ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa. Mtafute daktari mwanamke. Asipopatikana, mama aingie na mwanawe.

Mkiambiwa apimwe na mimba, msikasirike. Ni utaratibu kwa mwanamke yeyote ambaye siku zake zimekatika, hajatuhumiwa mtu hapo.

Vilevile binti anaweza kuandikiwa vidonge vile vile vinavyotumika kwa uzazi wa mpango. Hapa ndipo nyumba nyingi zinapowaka moto: "Vidonge hivi vya nini kwa asiyeolewa?" Ni dawa ya kurekebisha siku zake. Hedhi ikikosekana muda mrefu, ukuta wa mji wa mimba unaweza kuwa mnene kupita kiasi, na miaka ikipita hatari ya saratani ya hapo huongezeka. PCOS pia inaongeza hatari ya kisukari, ndiyo maana sukari nayo hupimwa. Unayesema asubiri mpaka aolewe, unamsubirisha na hayo yote.

Nawe mume, kabla hujatamka talaka au kumtafuta mwingine kwa sababu ya mtoto, je wewe umepimwa? Surat Ash-Shura inatufundisha kwamba Allah humfanya tasa amtakaye. Hakuwataja wanawake peke yao. Nendeni wote wawili. Na mkeo akikutwa na PCOS, fahamu kwamba hiyo si hukumu ya utasa. Wapo wanaoshika mimba wenyewe, na wapo wanaopewa dawa ya kupevusha yai wakazaa kwa idhini ya Allah.

Sipingi ruqya, na sipingi habat soda. Msomee mwanao, muombee dua. Lakini anayekuuzia mtandaoni chupa ya "kuyeyusha uvimbe" wala hajui una nini, huyo anakisia kwa pesa yako. Vile vifuko vinavyoonekana kwenye ultrasaundi si uvimbe wa kuyeyushwa, ni vifuko vidogo vya mayai ambayo hayajakomaa. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) ametuamrisha tujitibu, na utatibu vipi usichokijua?

Dada yangu, jambo hili linagusa pia swala yako. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, hedhi haizidi siku 15. Damu ikivuka hapo unaingia katika hukumu za istihadha. Wapo dada zetu wanaoacha swala mwezi mzima bila kujua. Muulize daktari kuhusu mwili wako, na umuulize mwenye elimu kuhusu ibada yako. Usimwachie mmoja kazi ya mwingine.

Binti ni amana. Siku ya Kiyama hutaulizwa kwa nini aliugua, kwa maana ugonjwa ni qadar ya Allah. Lakini ulimi uliomtuhumu, na miaka uliyomwacha bila kumpeleka hospitali, hivyo vina hesabu yake.

Ewe Mola wetu, waponye mabinti zetu na wake zetu, wape kizazi chema wanaokihitaji, na utulinde na kuwadhulumu kwa ndimi zetu. Aamiin.

Mtumie ujumbe huu mzazi mmoja unayemjua. Wallahu a'lam.