Kabla shahidi hajaambiwa "umepatia"

Barua ya wazi kwa Inspekta Jenerali wa Polisi Tanzania

Mwaka 1984, mjini Burlington, jimbo la North Carolina nchini Marekani, mwanafunzi wa chuo alivamiwa usiku nyumbani kwake akabakwa. Akiwa mikononi mwa mhalifu, alijitahidi kuikariri sura yake ili aje amtambue. Polisi walipompangia picha alichagua ya Ronald Cotton. Kwenye gwaride la utambuzi akamchagua tena, na Cotton ndiye pekee pale ambaye picha yake alikuwa ameshaiona. Askari wakamwambia: ndiye yule yule wa kwenye picha.

Mahakamani hakuyumba. Kesi iliposikilizwa upya mwaka 1987, mshukiwa mwingine, Bobby Poole, aliletwa mbele yake; akasema hajawahi kumwona. Mwaka 1995 vipimo vya vinasaba vikaonyesha kuwa mbakaji ni Poole, na Cotton akatoka baada ya miaka zaidi ya 10 gerezani.

Mwanafunzi huyo hakusema uongo. Shahidi mwongo hubanwa na wakili akajikanyaga. Mkweli aliyekosea, je, atabanwa wapi?

Wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi za ajali, wakachapisha matokeo mwaka 1974. Walioulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipobamizana" walikisia, kwa wastani, zaidi ya maili 40 kwa saa. Walioulizwa "yalipogusana", chini ya 32. Katika jaribio la pili, wiki moja baadaye, waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Havikuwepo. Kati ya 50 walioulizwa kwa neno kali, 16 walisema waliviona. Kwa neno la kawaida, "yalipogongana", ni 7. Swali la mpelelezi, kumbe, huchota na pia hutia.

Pongezi nazo zina kazi yake. Mwaka 1998 Gary Wells na Amy Bradfield waliwaonyesha watu video ya kamera ya ulinzi, kisha picha za kuchagua mhusika, ambaye hakuwemo. Walioambiwa wamepatia walizidi kujiamini, na wakadai hata kwamba walikuwa wamemwona vizuri.

Mahakama ya Rufani ilishaonya katika shauri la Waziri Amani, mwaka 1980: utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu mno, usitegemewe mpaka uwezekano wa kukosea uondolewe. Lakini jaji humsikia shahidi muda mrefu baada ya maelezo ya kituoni, na kilichoongezwa huko hakionekani tena. Siku hizi hata kituo kinatanguliwa na simu: picha ya mtuhumiwa huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, "ndiye huyu", au yeye mwenyewe huoneshwa mbele ya waandishi. Anayekwenda kwenye gwaride baada ya hapo anaweza kuwa anaitambua picha tu.

Basi ofisi yako inaombwa, katika mwongozo wa gwaride, isisitize haya: askari anayelisimamia asijue mtuhumiwa ni nani, shahidi aambiwe kuwa mhusika huenda hayumo, kiwango chake cha uhakika kiandikwe papo hapo, kwa maneno yake, kabla ya mtu yeyote kutia neno. Aulizwe pia, na jibu liingie kwenye jalada, kama ameiona sura hiyo popote tangu siku ya tukio. Na sura za watuhumiwa zisioneshwe kwa kamera mpaka gwaride liwe limekwisha.