Bosi Anayetaka Kadi za Zawadi

Kazi imepatikana kwa ujumbe wa simu, bila usaili wa ana kwa ana. Siku chache baadaye bahasha inafika nyumbani, ndani mna hundi ya dola 2,000 na maelekezo: iweke benki, chukua mshahara wako wa wiki ya kwanza, zinazobaki nunua kadi za zawadi "za wateja". Kwangua nyuma, piga picha namba, tuma. Haraka!

Ujanja umejificha kwenye hundi. Sheria ya Marekani inazitaka benki zimruhusu mteja kutumia fedha za hundi ndani ya siku chache, ilhali kugundua kuwa ni ya bandia kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Salio linaonekana kwenye simu, mtu anaamini macho yake. Hundi ikikataliwa, benki inamdai yeye, na kadi zilishakombwa zamani.

Wapo wanaowacheka waliotapeliwa. Wanakosea. Anayeanza kazi mpya hutii kwanza, maswali baadaye, na tapeli anaijua hofu hiyo. Kwa mwaka 2023 pekee, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, iliripotiwa hasara ya dola milioni 217 zilizolipwa kwa kadi za zawadi. Walionyamaza kwa aibu hawamo.

Maduka nayo yasijifanye hayaoni. Mteja anayenunua kadi nne za dola 500 huku simu iko sikioni anastahili kuulizwa.

Aliyekwisha kutuma namba aipigie mara moja kampuni iliyotoa kadi, kadi na risiti zikiwa mkononi, aombe kurudishiwa fedha.