Rashasha na Rasharasha

Habari ya ujambazi iliyoletwa mezani kwangu ilisema mlinzi "alimiminiwa risasi". Nikamuuliza mwandishi: ngapi? Mbili. Nikakifuta kitenzi, akanuna. Toleo hili la lugha ya silaha limeanzia kwenye mnuno ule.

Rashasha, bunduki inayotema risasi mfululizo kwa kubonyeza kifyatulio mara moja, ni neno la Kiarabu, na mzizi wake ni kunyunyiza. Jamaa zake tunaishi nao: rasharasha, mvua isiyozidi kulaza vumbi, marashi, na mrashi, ile chupa ya shingo nyembamba inayozungushwa kwenye Maulidi na harusi za pwani. Neno la kutia harufu nzuri viganjani mwa wageni limezaa jina la kifo. (Wazee wetu walitumia masikio zaidi ya macho, wao waliiita bombomu.) Kitenzi chetu wenyewe nacho ni cha maji: kumimina. Tena kuna "mvua ya risasi".

Kwa nchi yetu, maji hayo yana historia. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Majimaji walilivamia boma la Wajerumani huko Mahenge. Walikuwa na dawa iliyoanzia kwa Kinjikitile Ngwale kule Ngarambe, wakiamini risasi zingegeuka maji. Ndani ya boma walingojewa na bombomu. Silaha ya aina hiyo, aliyoibuni Hiram Maxim mwaka 1884, iliweza kupiga risasi kama 600 kwa dakika. Siku ile risasi hazikugeuka maji. Tunaozigeuza ni sisi, kila tunapoandika kwamba zilimiminika.

Sidai kitenzi hicho kipigwe marufuku. Palipo na rashasha kinasema kweli, maana hakuna awezaye kuzihesabu risasi zake zinapotoka. Lakini mwindaji wa gobore anashindilia baruti upya baada ya kila mlio. Huyo atammiminia nani? Na polisi wakisema "SMG", yaani rashasha ndogo, tuulize kwanza ilifyatuliwa mara ngapi, kwani bunduki hiyo hupiga pia risasi mojamoja.

Basi kuanzia toleo hili, mtu aliyepigwa risasi mbili tutaandika alipigwa risasi mbili. Mwandishi wangu bado amenuna. Makala yake, hata hivyo, iko ukurasa wa nne.