Usimwachie Mjane Karatasi Batili

Aghalabu mtu hukata bima ya maisha kwa nia njema, akiwafikiria mkewe na wanawe siku atakapokuwa hayupo. Lakini nia hiyo, hata ikiwa safi namna gani, haiuponyi mkataba uliojengwa juu ya jambo lililofichwa. Tangu mwaka 1766, Lord Mansfield alipotoa hukumu yake mashuhuri ya Carter na Boehm huko Uingereza, sheria ya bima, ambayo nchi zetu za Afrika Mashariki ziliirithi, imesimama juu ya msingi kwamba mwombaji ndiye ajuaye siri za nafsi yake, na kampuni haina budi kumsadiki. Basi ikifichwa jambo zito, yaweza kuutangua mkataba.

Wako wadhanio kwamba uwongo ni kusema lisilokuwapo tu. Na waitazame kesi ya Mansel, iliyoamuliwa London mwaka 1879. Bwana huyo aliulizwa kama amepata kuomba bima kwingine, na kama alikubaliwa au alikataliwa. Akajibu kwamba amekatiwa na kampuni mbili kwa pauni 16,000, kwa malipo ya kawaida. Kila neno lilikuwa kweli, ila alizinyamazia kampuni nyingine zilizomkataa, na hakimu akaubatilisha mkataba. Nami naiona hukumu hiyo kuwa ya haki, kwa kuwa aliyeulizwa waziwazi akajibu nusu amekusudia kuhadaa.

Lakini, ewe msomaji, mara nyingi hiana si ya marehemu. Ni wakala aliyeijaza fomu kwa haraka, akaandika "hapana" penye maradhi ya moyo, penye kisukari na penye tumbaku, ili apate ujira wake, na mwenye bima akatia sahihi bila kusoma. Kampuni zisijitakase hapa: sharti ziulize kwa Kiswahili chepesi, na zipime afya kabla ya kupokea fedha, si baada ya mazishi. Uingereza yenyewe, kwa sheria ya mwaka 2012, ilimwondolea raia wa kawaida wajibu wa kutaja asiloulizwa, ikamtaka ajibu kwa ukweli na uangalifu tu. Nasi tunastahili vivyo hivyo.

Zipo sababu nyingine za kunyimwa malipo: ada isiyolipwa hata mkataba ukafa, kujiua katika muda wa mwanzo uliotajwa mkatabani, na mfaidika aliyemuua mwenye bima. Hata hivyo, Florence Maybrick alipohukumiwa mwaka 1889 kwa kumuua mumewe kwa sumu, yeye alinyimwa, lakini mahakama iliamua kwamba kampuni ilipe, fedha ziingie katika mirathi ya marehemu. Kwa hiyo warithi wasikubali kukataliwa kwa maneno matupu. Wadai sababu kwa maandishi, na kwa Tanzania wakamwone Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Nawe uliye hai, usiku wa leo itoe karatasi yako sandukuni, usome majibu yaliyoandikwa kwa jina lako, na ukiona lililokosewa, iandikie kampuni kesho asubuhi.